Macho Yanafanya Kazi ya Mikono: Mwongozo Kamili wa Kumfanya Mteja wa Mtandaoni Akuamini kwa Anachokiona

Mnunuzi wa ana kwa ana ana mikono. Anaishika bidhaa, anaigeuza, anavuta mshono kuona kama utafumuka, anamtazama muuzaji usoni huku akiulizia bei. Mteja wa mtandaoni hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana kioo cha simu, vidole viwili vya kukuza picha, na hofu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ndiyo maana ule usemi wa kizuri chajiuza hautoshi huku. Kizuri kisichoonekana vizuri, mteja hana namna ya kukitofautisha na utapeli.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bidhaa nzuri kweli na biashara halali, ila wateja wanaingia, wanatazama, wanaondoka. Wengi wakifika hapo hukimbilia kushusha bei. Kabla ya kugusa bei, angalia kama ukurasa wako unajibu maswali manne ambayo mteja anajiuliza kimoyomoyo. Hawa wapo kweli? Kitakachonifikia ndicho hiki ninachokiona? Jumla nitalipa kiasi gani? Mambo yakiharibika, nitampata nani?

Kwanza, kwa nini macho yanatangulia

Mwaka 2006 Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada waliwaonyesha watu kurasa za tovuti kwa milisekunde 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Katika muda huo hakuna anayewahi kusoma hata neno. Hata hivyo, maoni ya watu kuhusu mvuto wa kila ukurasa yalifanana sana na yale waliyoyatoa walipopewa muda mara kumi ya huo. Miaka michache kabla ya hapo, timu ya B.J. Fogg ya Chuo Kikuu cha Stanford iliwaomba watu zaidi ya 2,600 wapime ni tovuti zipi zinaaminika, na waeleze kwa nini. Asilimia 46.1 ya maelezo yao yaligusia muonekano: mpangilio, herufi, rangi. Kwa tovuti za mambo ya fedha, maelezo ya namna hiyo yalizidi nusu.

Kwa hiyo muonekano ndio mlango. Ila usiishie hapo, maana tapeli naye anajua kununua kiolezo kizuri cha tovuti kwa bei ndogo. Ukishindana naye kwa urembo, mtatoka sare. Shindana naye kwa vitu asivyoweza kuviiga bila gharama: picha kumi za bidhaa ambayo unayo mkononi kweli, jumla ya malipo iliyowekwa wazi mapema, sura na jina la mtu anayewajibika, risiti inayofanana na duka. Hatua zote zinazofuata nimezipanga kwa kipimo hicho, na ndiyo sababu nyingine ni ndefu na nyingine ni fupi.

Hatua ya 1: Jitazame kwa macho ya mgeni

Azima simu ambayo si yako, ikiwezekana ya bei ya chini na yenye kioo kidogo. Tumia data ya kawaida ya simu. Fungua ukurasa wako bila kuingia kwenye akaunti yako, kisha mpe mtu asiyeijua biashara yako autazame kwa sekunde tano. Chukua simu, umuulize: hapa wanauza nini? Ungewatumia hawa pesa? Ni kitu gani kimekubaki machoni? Usimweleze wala usijitetee. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe.

Baada ya hapo nunua bidhaa yako mwenyewe, kuanzia tangazo lililokuleta hadi risiti. Kila hatua piga picha ya kioo cha simu. Zipange picha hizo kwenye mstari mmoja, kushoto kwenda kulia, ndipo uanze kuona yale ambayo mazoea yamekuficha. Tangazo lina bluu iliyokolea, ukurasa wa bidhaa una kijani, ukurasa wa malipo ni mweupe mtupu wenye nembo iliyovutwa mpaka imenenepa. Ujumbe wa kuthibitisha oda unatoka kwenye anwani yenye jina tofauti kabisa na la duka. Kwako hayo ni mambo madogo. Mteja anayeshika pesa mkononi anaona watu wanne tofauti wakipokezana mkoba wake.

Hatua ya 2: Usafi kabla ya urembo

Ukurasa mchafu hauponi kwa kuongezewa mapambo. Anza kwa kupunguza. Chagua fonti moja ya maandishi na, ukipenda, nyingine ya vichwa, basi. Maandishi ya kawaida yasipungue pikseli 16 kwenye simu. Nafasi kati ya vitu ziwe za kipimo kimoja kinachojirudia, kwa mfano 8, 16, 24 na 32, badala ya kukadiria kwa jicho kila mara. Vitu vinavyoanzia ukingo mmoja vianzie hapo kweli. Picha iliyosogea pikseli 5 hakuna mteja atakayeitaja, lakini ukurasa mzima utaonekana umefanywa kwa haraka.

Rangi moja iwe ya vitendo tu. Kama kitufe cha kununua ni cha chungwa, kitu kingine chochote kisiwe cha chungwa, ili jicho lijifunze mara moja. Mjadala wa kwamba bluu huleta imani na nyekundu huleta pupa usikupotezee wiki nzima. Ninachokijali zaidi ni kama maandishi yanasomeka. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi na usuli iwe angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa yale makubwa. Zipo programu za bure mtandaoni ambapo unaingiza namba mbili za rangi na kupewa jibu. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho wasanifu wengi tunakipenda, hufeli mtihani huo mara kwa mara, na cha kusikitisha ni kwamba ndicho kinachotumika kuandika masharti ya kurudisha bidhaa. Mteja akiona masharti yamefifishwa, anaamini yamefichwa.

Usitegemee rangi peke yake kutoa ujumbe. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, mmoja kati ya 12 hivi hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kosa kwenye fomu liwe na maneno pia. Na vitufe viwe vya ukubwa wa kidole: Apple wanashauri pointi 44 kwa 44, na mwongozo wa Google kwa Android unasema 48 kwa 48.

Mwisho wa usafi ni tahajia. Soma kila neno kwa sauti.

Hatua ya 3: Picha, na hapa usikimbie

Kama una muda wa kufanya jambo moja vizuri, liwe hili. Mwaka 2009, Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba za watu kwa wageni, ilipokuwa bado kampuni changa inayosuasua, waanzilishi wake waligundua kwamba picha za nyumba zilizotangazwa New York zilikuwa mbaya: zimepigwa kwa simu, gizagiza, hazionyeshi kitu. Wakaenda wenyewe na kamera, wakapiga picha nyumba kwa nyumba. Mapato yao ya wiki, yaliyokuwa dola 200 hivi, yakaongezeka mara mbili. Nyumba zilikuwa zile zile.

Chukua mfano wa begi la ngozi. Liweke kwenye meza kando ya dirisha, mahali ambapo jua haliingii moja kwa moja. Zima taa zote za chumbani, kwa sababu taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa mchana, kahawia ya ngozi itakuwa na rangi mbili kwenye picha moja na hutaweza kuisahihisha. Upande usio na dirisha simamisha karatasi kubwa nyeupe ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Futa lenzi ya simu. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu huulaumu ubora wa kamera. Rudi nyuma hatua mbili na utumie lenzi ya kukuza kama simu yako inayo, maana ukisogea karibu na lenzi pana, begi litavimba tumbo. Bonyeza na kushikilia kwenye kioo ili kamera ifunge fokasi na mwanga, kisha piga.

Sasa piga kwa kufuata mikono ya mnunuzi. Angelishika begi hili angefanya nini kwanza? Angelitazama mbele, angeligeuza nyuma, angelifungua na kuchungulia ndani, angevuta zipu, angekunja mkanda, angeinama kuangalia mshono wa pembeni ambako mabegi huanza kuchanika. Kila tendo kati ya hayo ni picha moja. Picha ya mshono iwe karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi. Halafu mtu alibebe begani, ili ukubwa uonekane. Kuandika sentimita 38 ni lazima, ila watu wengi hawawezi kuiona 38 kichwani. Ongeza moja ya kifungashio kitakachomfikia.

Kama ngozi ina alama za asili au rangi inatofautiana kidogo kati ya begi na begi, ionyeshe hiyo tofauti na uandike chini yake. Wauzaji wengi huogopa hatua hii. Lakini aliyeonyeshwa kasoro na muuzaji mwenyewe anaanza kuamini na mengine yote aliyoonyeshwa, na begi likifika hana la kulalamikia.

Picha ya kwanza ya kila bidhaa iwe na usuli mmoja na ukubwa mmoja. Amazon wanawataka wauzaji waweke usuli mweupe kabisa kwenye picha kuu, na bidhaa ijaze angalau asilimia 85 ya picha. Si lazima kwako kuwe kweupe, ila ukiamua jambo, liwe hivyo kwa bidhaa zote. Hata bidhaa nne zilizopangwa kwa nidhamu huonekana ni duka. Arobaini zenye usuli wa kila aina huonekana zimeokotwa.

Usichukue picha za mtu mwingine. Mteja akitafuta kwa picha kwenye Google ataikuta picha hiyo hiyo kwenye maduka kumi, na hapo hakuna maelezo yatakayokuokoa. Programu za akili bandia pia zitumie kwa uangalifu. Kusafisha usuli ni sawa, lakini ikianza kunyoosha mshono na kung'arisha ngozi, imeshaanza kuahidi begi ambalo huna.

Hatua ya 4: Safari ya malipo

Kampuni ya utafiti ya Baymard imekuwa ikikusanya takwimu za vikapu vinavyojazwa kisha kuachwa, na wastani wake uko karibu asilimia 70. Miongoni mwa sababu ambazo watu hutoa, gharama za ziada zinazojitokeza mwishoni huongoza. Mteja hakasirishwi na gharama ya usafirishaji kama anavyokasirishwa na kuigundua akiwa tayari amejaza jina, namba ya simu na anwani. Andika gharama hiyo kwenye ukurasa wa bidhaa, karibu na bei, kwa herufi za ukubwa unaosomeka. Kama inategemea mahali, weka kikokotoo hapo hapo au andika kiwango cha chini na cha juu.

Ukurasa wa malipo uendelee kuwa duka lile lile: nembo ile ile, fonti ile ile, picha ndogo ya begi, rangi aliyoichagua, jumla. Picha hiyo ndogo ina kazi kubwa, kwani inamwambia mteja kwamba hajapotea njia. Kama malipo yanafanyika kwenye ukurasa wa kampuni nyingine, mwambie kabla ya kubonyeza atapelekwa wapi na atarudi vipi.

Usimlazimishe kufungua akaunti ili anunue. Kila kisanduku cha fomu ambacho huna sababu nacho, kifute. Tarehe ya kuzaliwa kwa mtu anayenunua begi inaleta maswali. Kitufe kiseme kitakachotokea. "Endelea" inatia shaka pale ambapo kubonyeza kunakata pesa. "Lipa" pamoja na kiasi kamili ndani ya kitufe chenyewe haina shaka. Akishabonyeza, kitufe kibadilike papo hapo kuonyesha kazi inaendelea, na kisikubali kubonyezwa mara ya pili. Wengi waliokatwa mara mbili walikuwa wakitazama kitufe kilichonyamaza.

Kuhusu kufuli, ile alama iliyozoeleka kando ya anwani ya tovuti yenye HTTPS, yaani njia ya kuficha mawasiliano. Hakikisha tovuti yako ina HTTPS. Vyeti vya bure vinapatikana Let's Encrypt, na tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome kinaziandika tovuti zisizo nayo kuwa si salama. Ila kufuli ina maana moja tu: mawasiliano kati ya simu na tovuti yamefichwa. Haisemi muuzaji ni mwaminifu, na tovuti za kitapeli nazo huwa nayo. Ndiyo maana mwaka 2023 Chrome waliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani na kuweka nyingine. Kwa hiyo usichore kufuli kubwa la dhahabu ukadhani umemaliza. Weka nembo za njia za malipo unazozipokea kweli, na usibandike muhuri wa taasisi ambayo haijakuthibitisha.

Sasa ukurasa unaosahaulika kuliko zote: ule unaotokea baada ya kulipa. Dakika hiyo pesa imetoka na hakuna kilichoingia. Kuandika "Asante!" katikati ya ukurasa mtupu ni kumwacha mtu gizani. Mpe namba ya oda, picha ya alichonunua, kiasi alicholipa, anwani itakakopelekwa, siku itakayofika, na namna ya kukupata. Yote hayo yarudiwe kwenye ujumbe utakaomfikia muda huo huo, wenye jina na sura ya duka.

Hatua ya 5: Aonekane mtu

Weka picha yako au ya timu yako mkiwa kazini, yenye mwanga wa kawaida. Ile picha ya kununuliwa, ya mhudumu mwenye vipokea sauti masikioni anayetabasamu, imeshatumiwa na kila mtu wakiwemo wezi. Namba ya simu, anwani ya baruapepe yenye jina la tovuti yako na saa zako za kazi ziwe chini ya kila ukurasa. Sera ya kurudisha bidhaa ifupishwe kwa mstari mmoja au miwili karibu na kitufe cha kununua: siku ngapi, nani analipia usafiri, pesa inarudi lini. Maelezo marefu yabaki kwenye ukurasa wake.

Hatua ya 6: Maoni ya wateja yaonyeshwe yalivyo

Watafiti wa kituo cha Spiegel katika Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani waligundua kwamba uwezekano wa mtu kununua hufika kilele bidhaa ikiwa na wastani wa nyota kati ya 4.0 na 4.7, kisha hushuka kadiri wastani unavyokaribia 5 kamili. Watu hawauamini ukamilifu. Acha lawama ionekane, na jibu lako likae chini yake, la upole na lenye suluhisho. Mgeni atasoma jibu kuliko lawama. Kila maoni yawe na tarehe na aina ya bidhaa iliyonunuliwa, na picha zilizopigwa na wateja zipe nafasi ya juu hata kama hazina uzuri wa zako. Maoni ya kutunga usiyaguse kabisa. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliyapiga marufuku kwa kanuni ya mwaka 2024, lakini hata pasipo sheria ni uongo, na huwa yana harufu: yote ya wiki moja, yote yana alama za mshangao.

Hatua ya 7: Sura moja kila mahali

Tengeneza karatasi moja tu. Nembo na nafasi inayoizunguka, namba kamili za rangi zako, fonti, mtindo wa picha, na namna unavyowaita wateja. Kila anayekusaidia kutengeneza tangazo au kujibu ujumbe apewe karatasi hiyo. Picha ya wasifu iwe moja kwenye mitandao yote, kwa sababu matapeli hujipenyeza palipo na mkanganyiko.

Hatua ya 8: Kasi na utulivu

Ukurasa unaoruka ruka unavunja imani kama mtu anayehamahama kiti ukiongea naye. Unataka kubonyeza rangi nyeusi, picha ya juu inamaliza kufunguka, kila kitu kinasukumwa chini, kidole kinaangukia kitufe cha kununua. Dawa yake ni kutaja upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi mapema. Vipimo vya Google vinataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na alama ya kuhamahama isizidi 0.1. PageSpeed Insights, programu ya Google ya mtandaoni, itakupimia bure. Mara nyingi mkosaji ni picha nzito: zipunguze ukubwa na uzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi.

Hatua ya 9: Futa vinavyobomoa

Saa inayohesabu kurudi nyuma kisha inaanza upya ukifungua ukurasa tena. Kisanduku cha huduma ya ziada kilichowekewa tiki tayari. Idadi ya "wanaotazama sasa" iliyotungwa. Kitufe cha kujiondoa kilichofichwa kwa herufi ndogo. Mbinu hizi Harry Brignull, mtaalamu wa usanifu wa tovuti, alianza kuziorodhesha hadharani mwaka 2010, na zinauza kweli, kwa mara moja. Anayegundua saa ni ya uongo ataanza kutilia shaka ile picha ya mshono uliyoipiga kwa uangalifu mkubwa.

Hatua ya 10: Jaribu na watu watano

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuibua sehemu kubwa ya matatizo ya tovuti. Mpe kila mmoja kazi moja: nunua begi hili, kisha tafuta namna ya kulirudisha. Kaa nyuma yake, ufunge mdomo. Akisita, andika alisitia wapi. Akikuza picha, andika ni sehemu gani alikuwa akiitafuta, maana hapo ndipo picha inayokosekana ilipo. Akiuliza swali kwa sauti, jibu lake liwekwe kwenye ukurasa, mahali pale pale alipouliza.

Ukiwa na siku moja tu ya kuanza, asubuhi tumia mwanga wa dirisha kupiga upya picha za bidhaa yako inayouzika zaidi, tangu mbele hadi mshono. Mchana andika gharama ya usafirishaji karibu na bei. Jioni utengeneze upya ule ukurasa wa baada ya malipo, kisha ujinunulie mwenyewe ukitumia simu ile uliyoazima, uone kama sasa unajua oda yako iko wapi na umpigie nani.